Mwaka wa Kiko

Kazi yangu ni meno. Ya bandia, ya plasta na nta,
miaka thelathini na mmoja katika chumba cha nyuma, mjini Dudley,
nikiwachongea watu vicheko vipya.
Viko ni ugonjwa wa Jumamosi.

Na si viko vyovyote: vya Pargeter na Wanawe tu,
kiwanda kilichofungwa mwaka ule wa theluji nyingi,
mhasibu akachoma vitabu vyote uani
ili, nasikia, wachemshe chai.
Orodha hakuna. Wa kumuuliza hakuna.
Kiko chenyewe ndicho shahidi, na shahidi huyu
hujibu swali aliloulizwa, haongezi neno.

Basi nauliza.
Muhuri: jina likipinda kama nyusi, ni kabla ya vita vya kwanza;
likinyooka, mzee keshakufa na wanawe wanabana matumizi.
Mdomo: ukiwa pembe ya ng'ombe, ni wa zamani;
ukiwa mpira mgumu mweusi, ni wa baadaye,
nao ukisahauliwa dirishani hugeuka kijani cha bwawa,
ukiusugua unanuka kiberiti.
Kisha pete ya fedha: simba anatembea, nanga imesimama
(nanga, kutoka Birmingham, mji usioona bahari!)
na herufi ya mwaka, ndogo kuliko chawa.
Mzizi wa brayari huweza kulala ghalani miaka kumi,
mdomo huvunjika ukatiwa mwingine,
lakini fedha ilipigwa muhuri kwa siku yake
kama mtoto aliyeandikishwa.

Bi Hester Yardley alikuja Novemba, amelowa,
kiko ndani ya soksi ya mtoto.
"Cha baba," alisema. "Alikwenda nacho Ufaransa.
Akafa huko mwaka wa kumi na saba, kiko kikarudi."
Mama yake alikiweka juu ya meko
akakifuta kila Ijumaa hadi mikono ilipomkataa.
Sasa alitaka karatasi tu, ya kumwachia mjukuu.

Nikakiweka chini ya taa. Jina limenyooka.
Nikajiambia: labda walibadilisha muhuri mapema.
Mtu akitaka kuamini, hata chuma humpindia.
Nikaisugua pete. Simba. Nanga. Herufi.
Elfu moja mia tisa ishirini na tatu.
Nikarudi kwenye jedwali, nikasoma tena kwa kidole
kama anayehesabu chenji akijua imepungua.

Sikusema. Niligeukia ninachokijua.
Panya huuma na kupuliza; mvuta kiko vivyo hivyo.
Huyu aliuma kwa kushoto,
na katikati ya alama mbili mpira ulikuwa laini, haujaguswa:
jino la chonge la juu halikuwapo.
"Baba yako," nikauliza, "alikuwa na pengo hapa?"
Nikajigusa mwenyewe.

Alinyamaza. Dari langu linavuja; tulisikiliza ndoo.
Kisha akacheka, kwa meno niliyomtengenezea mimi.
"Bwana Clewes," alisema. "Mpangaji wa chumba cha juu.
Alikuwa akipiga mluzi kwenye pengo lile, sisi watoto hoi."
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
mama alimpa jembe,
akalima bustani ya nyuma miaka tisa.
"Nami nikadhani," alisema Bi Hester, "ni viazi tu."

Baadaye, akifunga vifungo vya koti: "Na cha baba?"
Sikuwa na jibu. Vilitengenezwa maelfu.
Vingine vimo katika matope ya kule,
jina limepinda kama nyusi,
hakuna anayeshangaa juu yake.

Kwenye kadi niliandika kwa penseli:
Pargeter na Wanawe. 1923. Mdomo wa asili.
Nikakwama kwenye mstari wa mwenye kiko.
Akaichukua penseli mkononi mwangu,
akaandika Clewes, akatua,
akaongeza jina la mama yake mbele, kwa mwandiko wa shule.

Akakirudisha kwenye soksi.
Mlangoni akauliza kama nta huondoa harufu.
Nikamwambia haiondoi.